Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujenga modeli za mabehewa na stesheni zetu kwa mkono

Anayetaka modeli ya treni ya Ujerumani au Marekani huingia dukani akanunua. Anayetaka treni iliyokuwa ikipita nyuma ya nyumba yao Tabora, Voi au Tororo, mara nyingi hana budi kuipima na kuijenga mwenyewe. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu walioamua kufanya hivyo. Yameanzia chini kabisa. Mwenye uzoefu anaweza kuruka hadi sehemu ya rangi au ile ya mwisho.

## Kabla ya kukata chochote

Kujenga kwa mkono maana yake nini hasa?

Unaanza na karatasi ya plastiki, vijiti vya mbao, waya na vipimo ulivyochukua, si seti iliyokwisha kukatwa kiwandani. Magurudumu na ekseli karibu sote tunanunua, kwa sababu gurudumu lisilo duara kamili halikai relini hata ulisugue wiki nzima. Vilivyobaki, yaani sakafu, kuta, paa, milango, ngazi na fremu ya chini, vyote vinawezekana mezani nyumbani.

Nichague skeli gani?

Reli za zamani zilizotoka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kwenda bara zilijengwa kwa upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Kwa skeli ya HO, ambayo ni 1:87, yaani kila kipimo kimepunguzwa mara 87, upana huo unakuwa milimita 11.5. Njia inayouzwa kwa ajili ya reli za mita moja katika skeli hiyo, HOm, ina milimita 12. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa macho, na ndiyo maana naipendekeza HO kwa watu wengi: behewa halizidi urefu wa kiganja na kidole, na stesheni nzima inakaa juu ya meza ya kulia.

Kama macho yamechoka au unajenga na watoto, fikiria 1:22.5. Njia yake ina milimita 45, sawa na mita moja na sentimita moja kwa ukubwa halisi. Plastiki utatumia nyingi na nafasi utahitaji kubwa, lakini kila bolti utaishika kwa vidole.

Je, TAZARA na SGR?

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067, ambao kwa 1:87 ni 12.3. Yaani ile njia ya milimita 12 iko katikati ya reli ya kati na TAZARA, na unaweza kujenga mabehewa ya reli zote mbili yakatembea kwenye njia moja ya modeli. Kule Kidatu, ambako reli hizi mbili hukutana, mizigo lazima ihamishwe kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya milimita 67 hizo. Ukijenga Kidatu, usisahau jukwaa la kuhamishia mizigo. Bila hilo stesheni hiyo haina maana yake.

SGR ya Kenya na ya Tanzania ni milimita 1,435, kwa hiyo inatumia njia ya kawaida ya HO ya milimita 16.5, inayopatikana kirahisi kuliko zote. Ukiziweka sambamba, ya zamani na mpya, utaona mara moja kwa nini behewa la mita moja linaonekana pana kuliko miguu yake.

Vipimo napata wapi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapopaharakisha. Behewa lililoegeshwa kwenye njia ya pembeni leo linaweza kukatwa chuma chakavu mwaka ujao, na likishakatwa hakuna atakayeweza kulipima tena. Kwa hiyo pima kabla ya kuota kujenga.

Anza kwa kumwona mkuu wa stesheni. Mweleze unachofanya, mwonyeshe modeli au mchoro ikiwa unao, na usiingie njiani wala kupiga picha bila ruhusa. Nairobi ni rahisi zaidi: Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini na mabehewa ambayo unaweza kuyazunguka kwa utulivu.

Beba futi ya utepe, daftari na fimbo ya mita moja uliyoipaka rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10. Simamisha fimbo hiyo ukutani mwa behewa kila unapopiga picha. Simama mbali, katikati ya behewa, kamera ikiwa sawa na ukuta. Ukisimama karibu au pembeni, ncha moja itaonekana fupi na vipimo vyote vitakudanganya. Pima kwanza vitu vikubwa: urefu wa sanduku, upana, kimo kutoka kichwa cha reli, umbali kati ya katikati ya bogi moja (ile fremu ndogo ya magurudumu manne chini ya kila mwisho wa behewa) na nyingine. Kisha milango. Bolti na vitasa picha itakukumbusha.

Nyumbani gawanya kila kipimo kwa 87. Sanduku la milimita 10,200 linakuwa 117. Upana wa 2,600 unakuwa 30. Ubao wa 150 unakuwa 1.7. Andika majibu yote kwenye mchoro mmoja kabla ya kushika kisu. Kama behewa lenyewe halipo tena, tazama swali la picha moja huko mwishoni.

Naweza kuanza na Garratt?

Naelewa kwa nini unauliza. Garratt, zile injini kubwa za mvuke, za daraja la 59 zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester kuanzia mwaka 1955, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Anayesimama mbele ya *Mount Gelai* pale makumbusho Nairobi hatoki akiwaza behewa la saruji. Hata hivyo anza na behewa la mizigo lenye paa. Ni sanduku lenye pande sita, na litakufundisha kukata pembe mraba, kuunganisha, kupaka rangi na kuandika namba. Jenga matatu ya aina hiyo kwanza. Garratt ina injini mbili, moja kila mwisho wa boila, na mamia ya vipande vinavyosogea.

## Vifaa na malighafi

Plastiki nzuri naipata wapi bila kuagiza nje?

Plastiki inayotumika zaidi ni polistairini. Karatasi zake huuzwa kwa unene wa milimita 0.25, 0.5, 1 na 1.5, na ukiweza kuziagiza, agiza. Usipoweza, geuza vikopo vya maziwa mgando na vifuniko vya vyakula utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistairini. Namba 2 na 5 ziache, hazishiki gundi wala rangi.

Kadi za benki zilizokwisha muda nyingi ni PVC, unene wa milimita 0.76, zimenyooka na zinakatika vizuri. Kadi moja inatoa pande mbili za behewa fupi na vipande vya fremu. (Kata kwanza ile sehemu yenye chipu na namba zako, uitupe.) Kwa kuta za majengo nenda kwa mafundi wa mabango: vipande vya ubao mweupe wa PVC wanavyovitupa vina unene wa milimita 3 na kuendelea, ni vyepesi, na unaweza kuchora matofali juu yake kwa ncha ya kalamu iliyoisha wino.

Gundi gani inashika nini?

Polistairini kwa polistairini: kiyeyusho, kama MEK, kinachopakwa kwa brashi ndogo kwenye mshono. Hakigandishi tu, kinayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. PVC kwa PVC: gundi ya mabomba, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno. Chuma kwa plastiki: supaglu au epoksi ya mirija miwili. Mbao na karatasi: gundi nyeupe ya mbao.

Viyeyusho hivi vinawaka moto na mvuke wake ni mbaya kwa kichwa na mapafu. Fungua madirisha, na usifanye kazi karibu na jiko la mkaa wala la gesi.

Zana za lazima ni zipi?

Kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, skwea ndogo, tupa bapa, msasa wa namba 400 na 800, vibanio vya nguo na kalipa, kile kipimo chenye taya cha kupimia unene na upana. Kalipa ya bei nafuu inatosha. Wembe badilisha mapema. Wembe butu ndio unaoteleza ukakata kidole.

## Kujenga behewa

Nifuate mpangilio gani?

Sakafu kwanza, kwa plastiki ya milimita 1.5. Kisha kuta mbili za mwisho zisimame juu ya sakafu, halafu kuta ndefu zizifunike kwa nje ili mshono uangukie pembeni, mahali ambapo behewa halisi huwa na chuma cha kona. Paa liwe la mwisho na lisigundishwe hadi uzito umekwisha kuwekwa ndani.

Usikate kwa kukandamiza. Pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi ukifuata rula, kisha kunja. Plastiki itavunjika juu ya mstari. Milango na madirisha yatoboe wakati karatasi bado ni kubwa, kabla ya kukata ukuta wenyewe kutoka kwenye karatasi, la sivyo ukuta mwembamba utapasuka kwenye kona ya dirisha. Na mistari ya mbao ichore kabla ya kuunganisha chochote.

Kwa nini kuta zangu zimepinda baada ya wiki mbili?

Kiyeyusho kimenaswa ndani. Ukigundisha karatasi mbili juu ya nyingine kwa kumwaga kiyeyusho katikati, kinabaki humo, kinatoka polepole, na kuvuta upande mmoja. Paka kwenye kingo na madoa machache tu, na acha tabaka zikauke chini ya kitabu kizito usiku kucha. Toboa matundu mawili matatu sakafuni ili mvuke uliomo ndani ya sanduku utoke. Kuta ndefu zipe vizuizi kwa ndani kila sentimita 3, na usiviweke ukuta mmoja tu.

Ukuta uliokwisha kupinda ni vigumu kuunyoosha. Nimejaribu maji ya moto, nimejaribu uzito. Siku hizi naukata upya.

Behewa liwe na uzito gani?

Chama cha wapenda modeli cha Marekani, NMRA, kina kanuni inayotumika sana: kwa HO, gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la milimita 117 linafikia gramu 90 na ushei. Sanduku tupu la plastiki ni jepesi mno na litaanguka kwenye kona ya kwanza.

Tumia nati za chuma, zigundishwe sakafuni katikati na juu ya bogi. Wengi wetu tulianza na risasi za kuvulia samaki tukazimwagia gundi nyeupe. Usifanye hivyo. Risasi hulika ndani ya gundi hiyo na kuvimba kadiri miezi inavyopita, hadi kuta zinaachana kwenye mishono. Nilipoteza behewa la ng'ombe lililonichukua mwezi mzima kwa njia hiyo. Ikiwa risasi ndiyo uliyonayo, ifunge kwa epoksi na unawe mikono.

Linatoka relini kila mara. Tatizo ni gundi, magurudumu au njia?

Mara nyingi ni bogi. Zikikazwa zote mbili, behewa linakuwa kama meza ya miguu minne kwenye sakafu ya udongo. Bogi moja ikaze iweze kuzunguka tu. Nyingine ilegeze robo ya mzunguko ili iweze pia kuyumba kushoto na kulia. Sasa behewa linakaa kama kigoda cha miguu mitatu, nalo halichezi.

Likiendelea kuanguka mahali palepale, kagua njia. Likianguka popote, pima umbali kati ya magurudumu ya kila ekseli, na uzito.

Riveti zinatengenezwaje?

Lalisha plastiki ya milimita 0.25 kifudifudi juu ya kadibodi, bonyeza kwa sindano butu ukifuata rula, kisha igeuze. Fanyia mazoezi mstari mmoja kwanza: nafasi isiyo sawa huonekana kabla ya riveti zenyewe.

## Stesheni na majengo yake

Mabati nayafanyaje yaonekane mabati?

Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote, maana majengo yetu ya reli yamefunikwa mabati kutoka pwani hadi ziwani. Bati la kawaida la mawimbi lina milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 0.87. Bolti ya M5 ina meno ya milimita 0.8. Umeona?

Chukua trei ya alumini ya chakula, kata sehemu iliyonyooka, iweke juu ya soli ya kandambili, kisha viringisha fito ya M5 yenye meno juu yake ukikandamiza kwa viganja vyote viwili. Mawimbi yatatoka sawasawa. Yatakuwa yameinama kidogo, kama digrii 3, kwa sababu meno ya bolti huzunguka kwa mshazari. Kata bati kwa kufuata mawimbi, si kwa kufuata ukingo wa trei, na tatizo limekwisha.

Usiezeke kwa karatasi moja kubwa. Kata mabati moja moja: la mita 3 linakuwa milimita 34 kwa 9 hivi. Anza chini, upande ulio mbali na upepo, na kila bati lilalie wimbi moja la jirani yake, kama anavyofanya fundi wa kweli. Acha moja lijikunje ukingoni. Liweke jingine jipya kati ya ya zamani, utakapofika kwenye rangi.

Tangi la maji?

Matangi mengi ya chuma ya enzi ya mvuke yalifungwa kwa paneli za mraba za futi 4 kwa 4, ambazo kwa 1:87 ni milimita 14. Kata miraba, kwaruza alama ya mkato kutoka kona hadi kona, gundisha juu ya sanduku. Miguu ni vipande vya plastiki vyenye umbo la L.

Bango la jina liandikweje?

Lipige picha bango la kweli ulifuate herufi kwa herufi. Mengi ya zamani yanaonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari, na hiyo ni habari njema kwako: bango dogo linasimulia safari yote. Timboroa Summit, futi 9,136, haihitaji maelezo mengine. Chapisha kwenye karatasi, pitisha vanishi kabla ya kukata, kisha paka kingo nyeupe za karatasi kwa rangi ya bango.

## Rangi, maandishi na uchakavu

Lazima nipake praima?

Ndiyo. Osha behewa kwa maji ya sabuni, likauke, kisha praima ya kijivu ya kopo la kupuliza, tabaka mbili nyembamba. Praima itakuonyesha kila mkwaruzo na kila tone la gundi. Jaza, piga msasa wa 800, pulizia tena. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayotenganisha modeli na toi.

Rangi sahihi naijuaje?

Picha za zamani zimepauka, hivyo usiziamini peke yake. Tafuta mahali ambapo jua halijafika: chini ya kibao cha namba, ndani ya mlango, nyuma ya ngazi. Ukishapata rangi, ongeza tone la nyeupe. Kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi, na maruni ya Garratt ikipakwa kama ilivyo kwenye 1:87 inaonekana kahawia.

Printa yangu haichapi nyeupe. Namba za behewa nifanyeje?

Geuza kazi. Tumia karatasi nyeupe ya dekali (chapa nyembamba inayoloweshwa kwa maji na kuhamishiwa kwenye modeli) na uchape rangi ya behewa kama mandhari, ukiziacha herufi bila wino. Weupe wa karatasi ndio utakuwa maandishi. Kisha gusa kingo kwa rangi ileile ya behewa. Jaribu kufananisha rangi kabla ya kuchapa yote. Mafundi wa stika wanaweza kukata herufi za stesheni, lakini herufi za milimita 2 mashine yao hung'oa.

Dekali ipakwe juu ya vanishi inayong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake, na hugeuka ukungu wa fedha usiotoka.

Kutu na vumbi jekundu navipataje?

Tazama kwanza. Kutu huanza pale maji yanaposimama na pale rangi inapokwaruzwa: kingo za paa, chini ya mlango, sakafu ya behewa la wazi. Ukuta ulio katikati mara nyingi umepauka tu. Anayepaka kutu kila mahali hajawahi kulitazama behewa kwa dakika tano.

Kwa rangi iliyobanduka, paka kwanza rangi ya kutu, ikauke, lowesha sehemu chache, nyunyiza chembe za chumvi ya mezani, pulizia rangi ya juu, kisha isugue chumvi kwa brashi ngumu. Kwa michirizi, rangi iliyozimuliwa sana kwa maji, ikivutwa kutoka juu kwenda chini kwa brashi bapa.

Vumbi tunalo la kweli. Chota udongo mwekundu kando ya njia, ukaushe kwenye kikaango cha zamani, uchuje kwa soksi ndefu nyembamba ya kike mara mbili. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, uirudie hadi isitoe kitu. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na zikiingia kwenye mota ya injini zitaiua. Pakaza kwa brashi laini, zaidi chini, kwenye bogi na ngazi, na kidogo ukutani.

Vanishi imeota weupe kama ukungu. Nimeharibu?

Bado. Hewa ilikuwa na unyevu, jambo la kawaida Mombasa, Tanga na Dar hasa msimu wa mvua. Subiri siku kavu, pulizia tabaka nyembamba ya vanishi inayong'aa. Mara nyingi weupe hupotea, kisha urudie ile isiyong'aa. Pwani pulizia asubuhi yenye jua baada ya umande kukauka, na kopo lisimamishe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

## Mambo yanayokwama

Nikichapa kwa printa ya 3D, bado nimejenga mwenyewe?

Kama umepima na kuchora mwenyewe, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa bogi na vitasa printa ya resini inafanya kazi nzuri kuliko kisu changu. Kwa kuta bapa plastiki ya kawaida bado ni bora, kwa sababu vipande virefu vya resini hujipinda.

Nina picha moja tu ya behewa ambalo halipo tena.

Tafuta ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unaujua. Picha ikiwa ya mbele, umbali kati ya reli ni milimita 1,000. Kama kuna bati nyuma, hesabu mawimbi, kila moja 76. Tangi la paneli hukupa futi 4 kila mraba. Tumia viwili au vitatu na ulinganishe majibu, ukikumbuka kwamba kilicho nyuma ya behewa kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Kisha mtafute mzee aliyefanya kazi kwenye reli. Mpelekee mchoro, si swali tupu. Ukimwambia "Shikamoo mzee, behewa lilikuwaje?" atakujibu kwa wema lakini kwa ujumla. Ukimwonyesha mlango uliouchora mahali pasipo pake, atachukua kalamu mkononi mwako na kuuhamisha.

Ninaishi pwani. Modeli nazihifadhije?

Epuka kadibodi kwenye kuta ndefu, maana hunyonya unyevu na kujikunja. Vyuma vyote, hata nati za uzito, vipate praima. Weka modeli kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na uvikaushe juani kila baada ya miezi michache. Boksi liwe juu ya rafu, mbali na ukuta, ili mchwa wakija uwaone mapema. Mchoro wenye vipimo piga picha na uutunze mahali pengine. Behewa likiharibika, mchoro huo utakuwezesha kulijenga tena.